Jua kali, baba mkali

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza juu ya maneno tunayoyatumia kwa mbingu na kwa watu pia. Naanza na ile niliyokaa nayo siku nne kabla ya kushika kalamu.

*Shikamoo Mwalimu. Baba yetu alifariki mwezi wa tano, huku Makete. Tunaandika wasifu wa kusomwa kwenye ibada ya kuweka msalaba. Kaka mkubwa ameandika kwamba marehemu "alikuwa mtu mwenye msimamo". Dada anasema kama hatuandiki kwamba alikuwa katili, yeye haji. Mimi nilipendekeza "mkali", wakanigeukia wote wawili. Baba alikuwa akifunga mlango saa mbili usiku, asiyefika halali ndani. Mwaka mmoja, mwezi wa saba, dada alichelewa, akalala kwenye banda la ng'ombe. Asubuhi majani ya viazi shambani yalikuwa meusi kwa sakitu, ile barafu ya alfajiri. Lakini baba huyohuyo aliuza ng'ombe wake wawili ili dada asome sekondari. Neno la haki ni lipi? – Mtoto wa katikati, Makete*

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba. Nilifundisha Njombe miaka mingi, na baridi ya mwezi wa saba naijua: inakufuata mpaka chini ya mablanketi mawili. Nilipofika kwenye lile banda la ng'ombe niliiweka barua chini kwanza.

Tuanze na neno lako. *Kali* ni neno letu la asili, la zamani mno, na lugha nyingi za Kibantu zina ndugu zake. Maana yake inakaa kwenye ncha, kwenye kitu kinachopenya. Kisu kina makali. Siki ni kali, na pilipili, na jua, na dawa, na mbwa, na mwalimu. Kitu hakiitwi kikali kwa kuwa ni kibaya. Mgonjwa akizidiwa tunamtafutia dawa kali, na kisu kikipoteza ukali hurudishwa kwenye tupa.

*Katili* ametoka kwingine. Ni neno la Kiarabu, na huko ni mwenye kuua. Kwetu limepoa kidogo, lakini damu yake halijaisahau. Msikilize mkulima ambaye mahindi yake yamekauka yakiwa yanatoa ndevu. Atakwambia jua lilikuwa kali mwaka huu, na hutamsikia akisema lilikuwa katili, hata kama watoto watalala njaa. Jua halikumkusudia. Katili anakuona ukiumia, anajua kwamba unaumia, na anaendelea.

Sasa turudi bandani. Baba yenu alizaliwa Makete na alikulia Makete. Hakuna aliyehitaji kumweleza nje kuna nini usiku wa mwezi wa saba, na komeo aliliweka kwa mkono wake. Kwa usiku ule dada yako ana haki na neno lake, na nakuomba usimwambie kwamba anazidisha. Wewe ulikuwa ndani.

La kaka yako ndilo nisilolikubali kabisa. Mtu mwenye msimamo ni yule anayekataa rushwa, au anayekataa kuuza shamba la ukoo wakati ndugu wote wameshatia saini. Kumfungia mtoto mlango hakuna msimamo ndani yake. Kaka ametafuta neno lisilo na ncha ili msiba upite salama, namwelewa, lakini dada atalisikia mbele ya watu wote kama mlango unaofungwa mara ya pili.

Ngoja nikupe la kwangu. Mimi nimezaliwa Pangani, na baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, akipeleka boriti za mikoko na nazi Unguja. Nyumbani alikuwa na sauti ndogo hata mama alizoea kumwambia, "Sema basi, mume wangu, nisikie." Nilipokuwa na miaka tisa alinichukua safari moja kwenda kumwona shangazi. Ilikuwa majira ya kusi, upepo wa kutoka kusini, na kutoka Pangani kwenda mjini Unguja kusi linakujia usoni, kwa hiyo chombo hakiendi moja kwa moja. Kinapiga bisho, upande huu, kisha upande ule, siku nzima. Katikati ya mkondo upepo ukachachamaa. Baba akageuka mtu nisiyemjua. Aliwafokea mabaharia, akawaita majina, akamsukuma mmoja kwa kiwiko akaishika kamba mwenyewe. Nikalia. Baharia mmoja mzee aliyekuwa akikumba maji ngamani, chini kabisa ya chombo, akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Huku sauti ya upole inachukuliwa na upepo, haifiki."

Tulipotia nanga, baba alinishusha mgongoni mwake na akaniuliza, kwa sauti ileile ndogo ya nyumbani, kama nina njaa.

Tangu siku ile naulizia jambo moja kila ninapoambiwa mtu fulani ni mkali: je, kulikuwa na upepo? Baba yangu alikuwa na upepo, na watu saba wa kuwafikisha pwani. Usiku ule wa Makete upepo ulikuwa nje, mlango ulikuwa mzima, na aliyekuwa kwenye baridi ni mtoto. Hapo ukali ulikosa kazi ya kufanya, na ukali usio na kazi ndipo unapoanza kufanana na lile neno la dada.

Lakini nyinyi mnaandika wasifu, na kwenye wasifu tatizo lenu ni neno dogo kuliko yote hayo: *alikuwa*. Ukisema "alikuwa katili" umeihukumu miaka yake yote, na mmoja wa miaka hiyo una ng'ombe wawili waliopelekwa mnadani. Kiswahili kimetupa njia nyingine. Tunasema mtu *ni mkali*, na tunasema pia mtu *ana ukali*. Mkali ni yeye mzima. Mwenye ukali ameubeba ukali pamoja na vitu vingine, kama mtu aliyebeba panga na kikapu cha viazi. Mimi ningeandika hivi:

"Baba alikuwa na ukali, na kuna usiku ukali wake ulipita mpaka, binti yake aliulala nje kwenye baridi. Baba huyohuyo aliuza ng'ombe wake wawili ili binti huyohuyo asome."

Mpelekee dada sentensi hizi kabla ya mtu mwingine yeyote. Akitaka kubadilisha neno, abadilishe yeye. Akisema usiku ule ni wake na hautaki usomwe kanisani, uondoeni wote, na msimamo nao uondoeni.

*Mwalimu, mimi ni mama, niko Kilwa Masoko. Binti yangu ana miaka kumi na jina lake ni Hidaya. Tangu kile kimbunga cha 2024 wenzake shuleni wanamwita Kimbunga. Akikasirika kidogo tu wanapiga kelele, "Kinatua, kinatua!" Amefika mahali anataka tumbadilishe jina. Waliokipa kimbunga jina lake walikuwa na maana gani? Na kimbunga, tufani na dhoruba vinatofautianaje?*

Dada yangu, mkalishe mtoto karibu nawe na umsomee haya.

Majina ya vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hutolewa na nchi za eneo hili, na orodha huwa tayari kabla ya msimu, kwa mpangilio wa alfabeti. Msimu ule Gamane ilipiga Madagascar mwezi wa tatu. Baada ya G ni H, na kimbunga kilichofuata kikapewa jina lililokuwa linangoja zamu: Hidaya. Wiki mbili baadaye ikafuata Ialy, kwa herufi ya I. Aliyeliandika jina hilo kwenye orodha hakumjua mtoto wako, na wala hakujua pepo zitavumaje Mafia na Kilwa mwezi wa tano. Kwetu hidaya ni zawadi, tunu anayopewa mtu. Katika Kiarabu neno hilo ni uongofu. Wewe ulimpa mtoto jina miaka kadhaa kabla upepo haujapewa, kwa hiyo jina ni lake.

Sasa maneno. *Dhoruba* wengine huitamka *dharuba*, na asili yake ni pigo. Wazee wangu walisema "kwa dharuba moja" wakimaanisha kwa pigo moja tu. Ndiyo maana dhoruba tunaisikia kama kitu kinachopiga: mlango, paa, tanga. *Tufani* nayo ni ya Kiarabu, na ndani yake mna maji. Ni neno la gharika ya Nabii Nuhu. Bahari ikiinuka na mvua ikashuka hata hujui maji ya juu ni yapi na ya chini ni yapi, hiyo ni tufani.

*Kimbunga* zamani kilikuwa upepo wowote mkali unaozunguka na kubomoa. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa wamelifunga neno kwenye maana moja, na nadhani wamefanya vizuri: ni ule mfumo mkubwa unaozaliwa juu ya bahari yenye joto, ukazunguka kama gurudumu, kwetu huku kusini mwa Ikweta kwa mwendo wa mshale wa saa. Kuzunguka huko kunatokana na dunia yenyewe kuzunguka, na karibu na Ikweta nguvu hiyo ni ndogo mno. Ndiyo sababu pwani yetu imezoea kuona vimbunga vikielekea Madagascar na Msumbiji, na sisi tunapata mkia tu. Lakini si kila mara. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuzivunja merikebu za Sultani Barghash bandarini. Pemba ilinusurika, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi, jirani zenu.

Na hasira za mtoto? Hapa nataka mwalimu wake naye asome. Sikiliza tunavyoisemea bahari: imechafuka, imechachamaa, imefura. Maneno hayohayo tunampa mtu: amechafuka, amechachamaa, amefura. Yote ni vitenzi, na kila kimoja kinangoja mwenzake: imetulia. Hakuna mvuvi wa Kilwa anayesema bahari *ni chafu* kwa sababu imechafuka. Chafu ni ya taka za plastiki. Imechafuka ni ya leo, kesho asubuhi atakwenda tena na mtumbwi wake. Binti yako akikasirika, amechafuka. Wakimwita Kimbunga wanamfunga kwenye siku moja mbaya ya mwaka ambao si wake. Kama shule iliweza kuwafundisha watoto hawa kukaa mbali na ufukwe wakati wa tahadhari, itaweza pia kuwakataza jambo hili. Nenda ukamwone mwalimu mkuu. Usisubiri kikao cha wazazi.

*Mwalimu, mimi ni fundi wa mabati, Kamukunji, Nairobi. Natengeneza masanduku na majiko. Kijana wangu aliyesoma anasema tuliache jina la Jua Kali, eti linatuonyesha kama watu wa kuhurumiwa. Na yeye mwenyewe akiona gari zuri anasema ni kali! Nimwambie nini?*

Mwambie maneno hayo mawili ni neno moja.

Jina lenu lilitoka kwenye hali yenu: mliponda chuma bila paa, jua likiwa utosini. Mwaka 1985 Rais Moi alifika hapo Kamukunji, na baada ya hapo vibanda vya kivuli vikaanza kujengwa. Kufika 1992 serikali ya Kenya ilikuwa na waraka wa sera wenye jina la jua kali ndani yake. Paa lilikuja, jina likabaki. Huku Tanzania tuliwaita watu wa kazi kama zenu *nguvu kazi*, na maonesho ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yakabeba majina yote mawili, Jua Kali na Nguvu Kazi. Sisi tuliutazama mkono, nyinyi mliitazama mbingu iliyokuwa juu ya mkono huo. La kwenu mimi nalipenda zaidi, kwa sababu linasema kazi ilifanyika wapi.

Kijana anaposema gari ni kali, au fulani ni mkali wa hesabu, hajaharibu lugha. Amerudi kwenye kisu. Kisu kikali kinakata, na mkali wa hesabu anazikata. Bati lako nalo linakatwa na mkasi mkali unaoshikwa na fundi mkali. Mwulize kijana ni lipi kati ya hayo linalohurumiwa.

*Naanza kazi ya uandishi wa habari, Morogoro. Mhariri wangu anataka niandike kwamba mshtakiwa "amekula mvua 30". Ni Kiswahili sahihi?*

Linaeleweka kote Tanzania, kila mtu anajua ni miaka thelathini jela. Lakini usiliandike. Miaka 30 ndiyo adhabu ya chini kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na kwa ubakaji, na kwenye kila hukumu ya namna hiyo kuna aliyeumizwa anayesoma gazeti lako, na kuna mama wa mfungwa. Wote wawili wanastahili neno *miaka*. Halafu uko Morogoro, watu wanaoitazama Uluguru kila alfajiri kuona kama imefunikwa wingu. Mvua waachie wao.

*Shikamoo Mwalimu. Ulinifundisha Kiswahili, Njombe, kidato cha tatu na cha nne. Sina hakika kama ulijua, lakini tulikuwa tunakuita Kipupwe. Sasa nami ni mwalimu, na nimesikia wanafunzi wangu wana jina langu. Nataka kuuliza maana halisi ya neno hilo, na nataka kukuomba radhi.*

Marahaba, mwanangu. Nilijua. Mwaka wangu wa tisa pale nilikuta limeandikwa nyuma ya daftari moja nililokuwa nasahihisha, kwa penseli, na chini yake mchoro wa mwanamke aliyejifunga kanga kichwani, mdomo umefumbwa.

Kipupwe ni majira ya baridi, kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, wakati kusi limeshika na masika yamekwisha. Kwetu pwani ni majira mazuri: joto limeondoka, usingizi unakuja bila kupepewa. Aliyelichagua jina hilo hakuwa mtoto wa pwani. Kwa mtoto wa Njombe kipupwe ni maji yanayouma mikono na sare isiyokauka.

Usiku ule nililisoma mara nyingi. Jambo lililonishika ni kwamba hamkuniita Jua Kali, jina mlilompa mwenzangu wa hesabu aliyekuwa akipiga kelele na viboko, na ambaye mlikuwa mkimfuata mpaka kwake Jumamosi. Mimi sikupiga, na sauti sikuipandisha. Nilikuwa nikirudisha madaftari bila kumtazama mtu. Nilidhani nimemwiga baba yangu kwa ile sauti ndogo ya nyumbani, na nilikuwa nimesahau kwamba yeye alikuwa akiuliza kama nina njaa.

Wiki iliyofuata nilianza kuwaita kwa majina ya kwanza wakati wa kurudisha kazi. Pengine unakumbuka, maana mlishtuka. Kwa hiyo radhi huna haja ya kuniomba. Jina lile lilinifaa zaidi kuliko ukaguzi wowote wa idara. Hilo walilokupa wewe hukuliandika, na sitakuuliza. Wewe waulize wanafunzi wa mwaka wa mwisho siku watakapomaliza mitihani, watakuambia lilitoka wapi.

Nimestaafu na nimerudi Pangani, ng'ambo ya kivuko, upande wa Bweni. Ukipata likizo mwezi wa saba njoo uone kipupwe cha huku. Sweta beba kwa ajili ya njiani tu.